Shuka, Rebeccah

Mogogosiek,
4 Februari 2024

Kwa Kipkemoi wa Rodah,

Salamu zangu hizi, zipokee. Mimi ni mzima. Ng'ombe ni wazima pia, yule mweusi amezaa lakini amezaa dume, kazi bure. Majani ya chai yanatoka kidogo kwa sababu ya jua. Mama yako alikuja kutoka Kipkelion akasema nimekonda. Nikamwambia akiona mtu wa umri wangu amenona, huyo ndiye apelekwe hospitali.

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Simu inameza maneno, na mimi nikigombeza mtu nataka asome mara mbili. Niliingia gumbaru, ile shule ya watu wazima, nikiwa na watoto wanne ili nijue kuandika, kwa hivyo wacha niandike.

Barua hii inakuja pamoja na gari. Ndiyo, gari ya babu yako. Nyakundi yule wa ndizi ameipandisha kwa lori yake, ndizi za watu zimebaki zikiiva barabarani kwa ajili yako. Mjomba wako Weldon anataka ile nafasi ya kujenga zizi, na tayari amezungumza na watu wa vyuma chakavu. Wanaipima kwa kilo kama mahindi. Nilikataa. Nikakumbuka tulipomaliza kumzika babu yako ulisimama karibu na hiyo gari ukalia kuliko ulivyolia kaburini, na nikakasirika, lakini nikakumbuka.

Sasa sikiza masharti. Unakijua kile kilima cha kutoka darajani mpaka kanisani. Miaka yote ambayo babu yako Kimeli alinipeleka kanisani kwa hiyo gari, tukifika darajani alisimama akasema, "Shuka, Rebeccah, gari haiwezi." Mimi na viatu vyangu vya Jumapili, na kitambaa cheupe, napanda kwa miguu katikati ya chai kama mchuma majani. Gari ya spoti, milango miwili, nyekundu, na bibi ya mwenyewe anatembea.

Irudishe kabla ya Krismasi. Ikipanda kile kilima nikiwa nimekaa ndani, bila mtu kuniambia nishuke, ni yako, na Weldon sitamsikiza. Ikishindwa, watu wa vyuma waje. Mimi sitaki tena kuitazama.

Ni mimi nyanya yako,
Rebeccah

~

Nakuru,
25 Februari 2024

Chamgei Kogo,

Nyanya yangu, nakusalimu kwa lugha yetu. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya na hasira zako zote. Huku niko poa. Vumbi ni jingi, kazi iko.

Kogo, nilipoona gari ikishushwa kwa lori sikuamini. Mafundi wote wa hapa gereji walikuja kuiangalia. Mdosi wangu Mokaya, mwenye gereji, aliizunguka mara mbili, akapiga teke tairi, akasema, "Hii ilikuwa gari ya nani, ya waziri?" Nikamwambia ilikuwa ya dereva wa trekta ya majani. Alicheka mpaka akakaa chini.

Nimekubali masharti. Nimeiwasha ikawaka siku ya pili. Shida yake ni nguvu, ile watu wanapima kwa farasi. Gari hii ilitoka kiwandani na nguvu kama za farasi mia moja hivi, lakini nikiendesha hapa Nakuru inavuta kama ina arobaini. Wenye pesa wanafunga turbo, mashine ya kusukumia injini hewa. Mokaya anasema turbo ni ya mtu mwenye shamba la kuuza. Mimi nitatumia njia za bei nafuu. Kwanza nasafisha kabureta. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, na hiyo kabureta ilipimwa kwa hewa nzito ya nchi za chini, kwa hivyo inamimina petroli nyingi kuliko hewa. Plagi zote zilikuwa nyeusi kama sufuria. Nitaweka jeti ndogo, kile kitundu cha kupitisha petroli, na plagi mpya, na nirekebishe taimingi ya cheche.

Usijali. Utapanda kile kilima ukiwa umekunja miguu.

Wako,
Kipkemoi

~

Mogogosiek,
17 Machi 2024

Kipkemoi,

Nimepata barua yako. Tumesalimiana kwa hiyo, tuendelee. Mvua imeanza, majani yamefufuka, na wachumaji wamejaa kwa njia wakipiga kelele. Joan wa jirani ameolewa na kijana wa Longisa, nilienda, wali ulikuwa mbichi.

Unaniambia habari ya farasi. Farasi gani? Hapa sisi tunajua ng'ombe na punda. Mia moja ungewalisha nini? Mimi nataka gari ipande kilima, basi.

Lakini umenikumbusha mambo. Hiyo gari babu yako aliipata mwaka ule wa njaa, tulipokula mahindi ya manjano. Mzungu meneja wa shamba la chai alikuwa anarudi kwao na gari ilikuwa imekufa kwa gereji yake, kuku wanatagia ndani. Akamwambia Kimeli, ukiweza kuifufua ichukue. Jioni kwa jioni Kimeli alilala chini yake. Nilikuwa napeleka chakula naongea na viatu.

Akaifufua. Lakini haikukawia kuchoka. Sokoni waliiita Kobe. Akiingia Mogogosiek, vijana wa baiskeli wanampita kwa makusudi, wanapiga kengele, "Kobe, utafika Krismasi!" Yeye anainua mkono tu anawasalimia. Mimi mwenyewe nilimwambia mbele ya wazee wa kanisa, "Wanaume wengine wana gari za kupanda, wewe una gari ya kushuka." Walicheka sana. Hata yeye alicheka.

Nikishuka darajani yeye anatangulia, ananingoja juu pale kwa kituo cha kupimia majani. Hazimi injini, kwa sababu akizima haiwaki. Mimi niko huku chini kwa chai, simwoni, lakini naisikia inanguruma polepole kama mzee anayeota jua. Nikifika, anafungua mlango kutoka ndani na kusema, "Umechelewa." Kila Jumapili. Ningempiga na mkoba.

Fanya haraka. Weldon ameshachimba mashimo ya nguzo.

Nyanya yako

~

Nakuru,
12 Mei 2024

Chamgei Kogo,

Pole kwa kukawia. Mvua ilikata barabara, na Nyakundi anayetubebea barua alikaa huko kwenu wiki nzima na ndizi zake. Tumeona kwa taarifa vile maji yamebeba watu. Natumaini chini kwa mto mko salama. Mama aliniambia kwa simu kwamba umekuwa ukienda hospitali ya Longisa kuonyesha goti. Hukuniandikia hiyo.

Gari inaendelea. Nimetoa ile ekzosti ya zamani, ilikuwa imejaa kutu ndani mpaka moshi unapita kwa tundu la sindano. Nimechomelea nyingine kutoka kwa gari iliyogongwa. Nimeweka paipu ya kuvuta hewa baridi kutoka mbele, badala ya ile hewa ya moto ya injini. Hiyo paipu nilikunja mwenyewe kwa bati. Pia nimepunguza uzito, maana kilo ukitoa ni kama nguvu umeongeza, na haikugharimu kitu. Nimetoa vitu visivyo na kazi.

Kitu kimoja kinanisumbua. Nikifungua boneti na kuvuta waya wa aksileta kwa mkono, pale kwa kabureta, injini inalia mpaka mafundi wanaziba masikio. Nguvu iko. Lakini nikikaa ndani nikikanyaga mafuta, inaenda mpaka mahali fulani halafu inanyamaza, kama mtu ameikataza. Nimenunua waya mpya. Bado. Mokaya anasema gari imerogwa. Anatania, lakini si sana.

Kipkemoi

~

Mogogosiek,
2 Juni 2024

Wewe Kipkemoi,

Salamu nitakupa mwisho wa barua ukistahili.

Vitu visivyo na kazi ni vitu gani? Nakuuliza kwa sababu Nyakundi amekuja hapa na kunywa maziwa yangu, akaniambia kwamba kwa kibanda cha Marcella, pale karibu na gereji yenu, kuna kiti kimoja kizuri sana cha ngozi nyekundu, wateja wanakigombania, na yeye mwenyewe amekikalia akila chapati. Kiti cha ngozi nyekundu kilichoraruka pembeni na kushonwa kwa uzi wa gunia. Ule uzi nilishona mimi. Hicho ni kiti changu.

Mimi nilisema gari ipande nikiwa nimekaa ndani. Wewe umeenda ukatoa mahali pa kukaa. Shule ulienda miaka mingapi? Ulitaka nichuchumae kama kuku wa mzungu?

Halafu goti. Goti ni langu. Rodah ana mdomo. Daktari wa Longisa ni mtoto mdogo, alinishika mguu kama anashika yai, akasema nipunguze vilima. Nikamwuliza nivipeleke wapi, hapa kwetu kila kitu ni kilima. Basi. Usilitaje tena.

Rudisha kiti. Usiporudisha, sitaandika.

Salamu umezikosa.

~

Nakuru,
14 Julai 2024

Kogo,

Chamgei, na nisamehe. Kiti nilikipeleka kwa Marcella kwa sababu alikuwa ananipa chakula wakati mshahara ulikuwa umechelewa. Nilitaka kukurudishia kabla hujajua. Sasa nimekirudisha na Marcella amenuna, anasema wateja wamehamia kibanda cha Jentrix.

Lakini kuna jambo. Nilipokuwa nafunga kiti nilitoa na ile kapeti yote ya chini ili nione kama bati limeoza. Upande wa dereva ilikuwa imeshikiliwa na gundi, haijatolewa miaka mingi. Chini yake, pale chini ya pedeli ya mafuta, kuna kibao. Si kwamba kilianguka. Kimechongwa vizuri kabisa kufuata umbo la pedeli, kimelainishwa, kimekazwa na skrubu mbili. Pedeli ikifika nusu inakigonga na haiendi tena. Ndiyo sababu nguvu ilikuwa inanyamaza. Nusu ya injini haijafunguka tangu kiwekwe.

Nilikitoa. Kogo, nilienda nayo njia ya Njoro na nikaogopa. Hii gari si kobe. Haijawahi kuwa kobe.

Nimekaa nikifikiria. Babu alikuwa fundi, hangekosa kujua. Au kuna mtu aliyemwonea wivu akakiweka? Kibao ni cha mti mgumu, kama kipande cha mpini. Kwa upande mmoja kimechomwa alama kwa moto: mistari miwili, na katikati yake kijiduara. Nimekuchorea hapa chini. Unaijua?

Kipkemoi

~

Nakuru,
25 Agosti 2024

Chamgei Kogo,

Nyakundi anasema alikupa barua yangu mkononi na ukaisoma mbele yake ukiwa umesimama. Anasema uliingia ndani ukafunga mlango, na maziwa hukumpa. Amekuja huku mara tatu tangu hapo bila jibu. Mama anasema uko mzima na unaenda kanisani na pikipiki.

Kama nimekukosea tena niambie. Kiti kiko, nimekipaka mafuta.

Kipkemoi

~

Mogogosiek,
15 Septemba 2024

Mjukuu wangu Kipkemoi,

Nakusalimu. Nasalimu na Mokaya, na huyo Marcella, umwambie kiti kina mwenyewe lakini asante kwa kukulisha.

Hukunikosea. Nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia.

Ile alama ni yangu. Tulipokuwa tunalima kwa mzungu, majembe yaliwekwa pamoja stoo, na asubuhi ukichelewa unapewa butu la mwingine. Kwa hivyo kila mwanamke alichoma alama yake kwenye mpini kwa waya wa moto. Mistari miwili na jicho katikati, hiyo ni Rebeccah. Mpini huo ulivunjika nikauweka nyuma ya jikoni nitengenezee mwiko. Ukapotea. Niligombana na nyumba nzima. Nilimchapa Rodah, maskini, akiwa darasa la pili. Kimeli nilimwuliza akasema hajauona, labda mchwa.

Sasa nikueleze mpini ulipotea lini.

Jumapili ya kwanza baada ya gari kufufuka, babu yako alinipandisha nikiwa na Weldon mapajani. Alikuwa kijana bado, na mzungu amempa gari. Tukashuka mpaka darajani, akaangalia kile kilima, akanitazama akicheka, akakanyaga. Kipkemoi, chai ilipita kama mtu anakunja mkeka. Sikuona mti mmoja mmoja. Mtoto alilia, nikalia mimi, nikashika usukani nikamwambia asimamishe au naruka nje. Akasimama katikati ya kilima. Nilishuka nikarudi nyumbani kwa miguu, sikuenda hata kanisani. Nilimwambia siingii tena, aipeleke kwa bibi mwingine anayependa kufa.

Nilikaa hivyo Jumapili kadhaa. Yeye anaenda peke yake na gari, mimi naenda na miguu yangu, na watu wanaona.

Halafu siku moja akaja jikoni, akakaa kwa kile kigoda, akasema, "Rebeccah, ile gari imezeeka ghafla. Injini imekwisha nguvu. Sasa inaenda kama ng'ombe wa kulimia, njoo uone." Nikaenda kuona. Kweli ilikuwa inaenda kama ng'ombe. Nikaingia. Nilifurahi ndani ya roho kwamba imeharibika, na nikamcheka.

Mpini ulikuwa umepotea wiki hiyo.

Kwa hivyo alijua. Vijana wakimpigia kengele, alijua. Wakisema Kobe, alijua kilicho chini ya mguu wake, ni kidole kimoja tu cha mti. Angekitoa siku moja tu awanyamazishe, kisha akirudishe. Lakini ningesikia habari, na nisingeingia tena. Alinijua. Na mimi yale maneno ya gari ya kushuka nilimwambia nikiwa nimevaa viatu alivyoninunulia.

Hiyo ndiyo sababu sikuandika. Nilikuwa na hasira. Mtu amelala kaburini na bado ananishinda maneno.

Masharti ni yale yale. Lete gari.

Nyanya yako Rebeccah

~

Nakuru,
6 Oktoba 2024

Chamgei Kogo,

Nimesoma barua yako nikiwa chini ya gari, nikaisoma mara ya pili.

Breki nimeweka mpya, hiyo sikutafuta ya bei nafuu. Nitakuja wikendi ya mwisho wa Novemba, niko na ruhusa. Swali langu ni moja. Tupande bila kibao? Kikiwepo na wewe ukiwa ndani haitafika, nimejaribu kwa kilima cha huku na Mokaya akiwa amekaa kwenye kiti chako. Bila kibao inapanda hata na ng'ombe. Nitaendesha polepole, naahidi. Lakini sema wewe.

Kipkemoi

~

Mogogosiek,
20 Oktoba 2024

Kipkemoi,

Salamu. Majani ni mengi, mgongo unauma, Weldon amesimamisha nguzo na anangoja kucheka.

Bila kibao. Masharti ni masharti. Lakini usikitupe, kilete.

Rebeccah

~

Mogogosiek,
8 Desemba 2024

Mjukuu wangu,

Nakusalimu vizuri leo. Yule ndama dume nimemuuza. Mama yako anakuja wiki ijayo na kuku wawili. Mvua imekatika na usiku kuna baridi ya kuumiza majani.

Uliporudi Nakuru na gari ulienda ukifikiri nimekasirika, kwa sababu tangu kilimani mpaka nyumbani sikusema neno. Weldon naye alinyamaza, lakini yeye ni aibu, kwa vile alikuwa amewaleta na wenzake wasimame pale darajani watazame. Mimi haikuwa aibu wala hasira.

Gari ilipanda. Hiyo nakubali, na nimemwambia kila mtu kanisani hata ambao hawakuuliza. Uliendesha kwa heshima. Nilishika kile kitambaa changu nikijua nitaogopa, na sikuogopa. Nilikuwa nimejipanga hata kukugombeza, nikakosa mahali. Kabla sijakaa sawasawa tumeshafika juu.

Ndipo nikatazama pale kwa kituo cha majani. Nilitazama bila kupanga, macho yalienda yenyewe, kama yalivyozoea. Hapakuwa na mtu. Tulikuwa tumefika, na hakuna aliyekuwa ametangulia.

Miaka yote nilipanda kile kilima nikinung'unika, nikihesabu vile nitakavyomsema. Na kila mara juu kulikuwa na mtu. Sasa nimepandishwa kwa nguvu za farasi mia moja na nimefika mahali patupu.

Usilie, wewe ni mwepesi wa kulia. Sikiza.

Gari ni yako. Weldon nimemwambia zizi ajenge upande wa mashariki na watu wa vyuma akiwaona awasalimie tu. Huko Nakuru iendeshe unavyotaka, bora nisisikie. Ukitaka kuongeza hao farasi wengine ongeza, ni shauri yako na petroli yako.

Lakini Krismasi ukija, kabla ya kufika darajani, rudisha kile kibao. Uliniachia juu ya meza, nimekipaka siagi kisipasuke, utakikuta. Skrubu ziko kwa kikombe. Kaza vizuri, alama yangu iangalie juu. Tutashuka mimi na wewe polepole, watoto wa baiskeli watupite. Tukifika darajani, simamisha useme yale maneno, na uyaseme kama mtu anayesema ukweli, usiyaseme kwa huruma.

Mimi nitashuka. Fimbo ninayo. Nitakawia, lakini njia ya katikati ya chai naijua hata nikifunga macho.

Wewe tangulia, unisubiri pale kwa kituo cha majani. Usishuke kunitazama, wala usimtume mtu.

Na usizime injini.

Nyanya yako,
Rebeccah wa Kimeli